Kuhama branchi na kurudisha mafaili kwenye Git bila kupoteza kazi: mwongozo kamili wa git switch na git restore

Git, programu inayotunza historia ya mafaili ya mradi, ina amri moja ya zamani, `git checkout`, ambayo karibu wote tuliojifunza miaka ile tulianza nayo, na shida yake ni kwamba inabeba kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Inakuhamisha kutoka branchi moja (yaani tawi la kazi linalojitegemea ndani ya mradi) kwenda nyingine, alafu hiyohiyo inafuta mabadiliko ya faili na kuweka toleo la nyuma. Ukiandika `git checkout bei` ukidhani unahamia branchi ya bei, kumbe branchi hiyo haipo ila kuna folda inaitwa bei, Git haikuulizi kitu, inashika mafaili ya hiyo folda na kuyarudisha yalivyokuwa, kazi ya asubuhi nzima imeenda. Ndo maana Agosti 2019, kwenye toleo la 2.23, kazi hizo zikagawanywa: `git switch` ni ya kuhama branchi basi, na `git restore` ni ya kurudisha mafaili basi.

Mimi nawafundisha vijana hizi mbili tangu siku ya kwanza, manake mtu akielewa kwamba switch inamhamisha yeye na restore inabadilisha faili lake, nusu ya ajali zinaisha. Kitu kingine kizuri kwa sisi wa huku ambao bando linaisha katikati ya kazi: amri zote mbili zinasoma folda ya `.git` iliyo kwenye laptopu yako mwenyewe, hazihitaji intaneti. Uko kwenye basi la Gulu, uko kijijini hamna netiweki, unahama branchi na kurudisha mafaili kama kawaida.

Mfano ntakaotumia mwongozo wote: programu ya chama cha ushirika cha kahawa huko Masaka. Wakulima wanaleta robusta, wengine wanaileta ikiwa kiboko yaani imekaushwa na ganda lake, wengine imeshakobolewa, na programu inarekodi kilo, inapiga hesabu ya bei, inatoa risiti. Mafaili ni `mizani.py`, `bei.py` na `risiti.html`. Branchi kuu ni `main`.

Kwanza angalia toleo

```
git --version
```

Ukiona 2.23 au kubwa zaidi uko sawa. Ubuntu 20.04 inakuja na 2.25, kwa hiyo iko poa, lakini Ubuntu 18.04 inakuja na 2.17 ambayo haizijui switch wala restore kabisa, na huenda bado ziko kompyuta za ofisini zinaendesha hiyo. Kama huwezi kuiboresha, mwishoni nimeweka amri za zamani zinazolingana.

Sehemu tatu ambazo faili linaishi

Hapa usiruke, tafadhali, sababu kila kitu cha restore kinasimama hapa. Faili lako moja lina nakala sehemu tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni komiti ya mwisho ya branchi uliyopo, yaani toleo la mwisho ulilohifadhi kwenye historia kwa `git commit`, Git inaiita `HEAD`. Ya pili ni steji, pale faili linapoenda ukifanya `git add`. Ya tatu ni folda ya kazi, yaani faili lenyewe unaloliona kwenye edita na kuliandika. Kilicho steji ni kama abiria aliyeshafika steji ya taksi: nyumbani ametoka lakini gari bado halijaondoka, anaweza kupanda na anaweza kurudi.

Kwa hiyo `bei.py` inaweza kuwa na matoleo matatu tofauti saa hiihii, moja kwenye HEAD, lingine steji, lingine kwenye folda. Amri ya kukuonyesha hali ni hii na uifanye kabla ya switch au restore yoyote, kila mara:

```
git status
```

Na ukisoma vizuri majibu yake utaona Git yenyewe inakuandikia amri ya restore unayohitaji, iko pale kwenye mabano juu ya orodha ya mafaili, watu hawaisomi tu.

Kuhama branchi

Kuona branchi zilizopo, kuhamia moja, na kurudi ulikotoka:

```
git branch
git switch bei-kiboko
git switch -
```

Kile kistari peke yake kinakurudisha branchi uliyokuwepo kabla, ni kizuri sana ukiwa unaruka kati ya mbili. Kutengeneza branchi mpya na kuhamia hapohapo unaweka `-c`:

```
git switch -c risiti-mpya
git switch -c risiti-mpya main
```

Ya kwanza inaanzia popote ulipo, ya pili inaanzia `main` hata kama saa hii umesimama kwenye branchi nyingine. Mimi napendelea ya pili, sababu mtu akiwa ndani ya `bei-kiboko` ambayo haijaisha alafu anatengeneza branchi ya risiti bila kutaja `main`, anabeba na vitu vya kiboko ndani, na vinakuja kuonekana wiki ijayo wakati wa kuunganisha.

Branchi ya mwenzako ambayo ameshaipandisha kwenye seva, fanya `git fetch` kwanza (inaleta vilivyo vipya kutoka seva, na hii ndo inatumia data), alafu `git switch jina-la-branchi`. Kama jina hilo lipo kwenye seva moja tu, Git inakutengenezea branchi ya kwako na kuiunganisha na ile ya seva yenyewe, huhitaji kuongeza kitu.

Una mabadiliko ambayo hujayakomiti, na unataka kuhama

Hapa ndo watu wanakwama. Yako mambo mawili yanayoweza kutokea. Kama faili ulilobadilisha liko sawasawa kwenye branchi zote mbili, Git inakubali kuhama na inabeba mabadiliko yako kwenda nayo huko, hakuna kilichopotea ila sasa yako kwenye branchi nyingine. Kama faili linatofautiana kati ya branchi hizo mbili, Git inagoma, inakwambia mabadiliko yako yatafunikwa, inaandika Aborting. Kugoma huko ni ulinzi, usikasirike ukatafuta amri ya kulazimisha. Ipo kweli, `git switch --discard-changes`, au kwa kifupi `-f`, na inafanya jina lake linavyosema: inatupa kila kitu ambacho hujakomiti kwenye mafaili ambayo Git inayafuatilia.

Njia nzuri ziko tatu.

Stashi, yaani kuyaweka mabadiliko pembeni kwa muda, kwa kazi ya dakika chache:

```
git stash push -u -m "risiti iko nusu"
git switch main
```

`-u` inachukua na mafaili mapya ambayo hujawahi kuya-add, bila hiyo yanabaki yamekaa kwenye folda. Ukirudi kwenye branchi yako unafanya `git stash list` kuona zilizopo, alafu `git stash pop`. Stashi haijafungwa kwenye branchi yoyote, kwa hiyo hakikisha uko branchi sahihi kabla ya pop, na ule ujumbe wa `-m` uandike kila mara, sababu baada ya wiki mbili stashi tano zisizo na jina hakuna anayejua ipi ni ipi.

Njia ya pili ndo mimi naiamini zaidi, kukomiti tu ata kama kazi haijaisha:

```
git add -A
git commit -m "nusu: risiti bado inakosea jumla"
git switch main
```

Ukirudi na ungependa kuifungua hiyo komiti uendelee kana kwamba hukukomiti, fanya `git reset --soft HEAD~1`, mabadiliko yote yanarudi steji. Kwa nini naiamini kuliko stashi: komiti unaweza kuipandisha kwenye seva na `git push`, stashi haipandi. Laptopu ikiibiwa kwenye foleni ya Jinja Road au diski ikifa baada ya umeme kuchezacheza, komiti iliyopandishwa bado ipo, stashi imekwenda na mashine.

Ya tatu ni `git worktree`, kama unahitaji branchi mbili wazi kwa pamoja:

```
git worktree add ../kahawa-main main
```

Inakufungulia folda ya pili pembeni ikiwa kwenye `main`, ile ya kwanza haiguswi. Ukimaliza, `git worktree remove ../kahawa-main`. Inafaa sana pale mteja anapiga simu risiti hazitoki na wewe uko katikati ya kitu kikubwa.

Umegundua umefanya kazi kwenye main badala ya branchi

Kama bado hujakomiti, rahisi kabisa, `git switch -c risiti-mpya` na mabadiliko yote yanakuja nawe. Kama ulishakomiti lakini hujapandisha:

```
git switch -c risiti-mpya
git branch -f main origin/main
```

Mstari wa kwanza unaziweka komiti zako salama kwenye branchi mpya, wa pili unairudisha `main` pale seva ilipo kwa mara ya mwisho ulipofanya fetch. Usigeuze mpangilio. Na kama ulishapandisha, usifanye hivi, ongea na wenzako kwanza, manake wanaweza kuwa wameshazichukua hizo komiti.

HEAD iliyoachana na branchi

Ukitaka kutazama programu ilivyokuwa toleo lililopita, `git switch v1.2` inakataa kwa sababu hiyo ni tegi (jina lililobandikwa kwenye komiti moja) si branchi. Lazima useme wazi:

```
git switch --detach v1.2
```

Kutazama na kuendesha programu hakuna shida. Lakini ukikomiti ukiwa hapo, komiti hiyo haina branchi inayoishika, ukiondoka inabaki bila mwenyewe. Kabla ya kuondoka fanya `git switch -c marekebisho-v1.2` na imepata kwao.

Sasa restore, na hapa twende polepole

```
git restore bei.py
```

Hii inafuta mabadiliko ya `bei.py` kwenye folda yako na kuweka nakala ya steji. Nimesema ya steji, si ya komiti ya mwisho, na wengi hawalijui hilo. Kama uliandika bei ya kiboko, ukafanya `git add`, alafu ukaendelea kuandika ukaharibu, basi `git restore bei.py` inakurudisha pale ulipo-add. Mara nyingi ndo unachotaka. Kama hujawahi ku-add, steji inalingana na komiti ya mwisho kwa hiyo unarudi kwenye komiti.

Amri hii haiulizi "una uhakika?" na haiweki nakala popote. Mistari ambayo hukuwahi ku-add wala kukomiti, Git haina kumbukumbu nayo kabisa, ikishafunikwa Git haiwezi kukusaidia. Kwa hiyo kabla yake angalia unachokwenda kufuta:

```
git diff bei.py
```

Na kama ndani ya faili moja kuna vitu vya kubaki na vya kutupa:

```
git restore -p bei.py
```

Inakuletea kipande kimojakimoja, unajibu `y` kukitupa, `n` kukiacha, `q` kutoka. Naipenda hii kuliko zote, hasa pale mtu amejaza `print` za kutafuta kosa humo ndani na marekebisho ya kweli yako katikati yake.

Kutoa faili steji bila kugusa ulichoandika:

```
git restore --staged risiti.html
```

Hapa hakuna hatari ya kupoteza ulichoandika kwenye folda, nakala ya steji ndo inarudi kuwa kama HEAD. Na ukitaka kusafisha kote kuwili, faili lirudi kama lilivyo kwenye komiti ya mwisho bila kujali ulichokuwa ume-add:

```
git restore --staged --worktree bei.py
```

Kuhusu `git restore .`, kile kinukta ni folda uliyosimama ndani yake na zote zilizo chini yake. Angalia umesimama wapi kwanza. Mafaili mapya ambayo Git haiyafuatilii haitayagusa, hayo yanafutwa na amri nyingine, `git clean`, na hiyo usiiendeshe kabla ya `git clean -n` ambayo inakuonyesha tu nini kingefutwa.

Kuleta faili kutoka komiti ya zamani au branchi nyingine

```
git restore --source=HEAD~3 bei.py
git restore --source=bei-kiboko mizani.py
```

Ya kwanza inaleta `bei.py` ya komiti tatu nyuma, ya pili inaleta `mizani.py` kutoka branchi ya `bei-kiboko` bila wewe kuhamia huko. Faili linaingia kwenye folda tu, steji haiguswi, kwa hiyo unaliangalia, unaliendesha, ukiridhika una-add.

Kuwa mwangalifu ukitaja folda badala ya faili. `git restore --source=HEAD~5 ripoti/` inaifanya folda ya ripoti ilingane na wakati ule, maana yake mafaili yanayofuatiliwa ambayo wakati ule hayakuwepo yanaondolewa kwenye folda. Checkout ya zamani haikuwa inafanya hivyo, ilikuwa inaongeza na kufunika tu, ndo maana waliozoea ya zamani wanashtuka.

Faili lililofutwa leo na hujakomiti, `git restore mizani.py` na limerudi (kama ulilifuta kwa `git rm` ongeza `--staged --worktree`). Lililofutwa na mtu miezi iliyopita, unatafuta komiti iliyolifuta kwanza:

```
git log --oneline --diff-filter=D -- malipo.py
git restore --source=a1b2c3d~1 malipo.py
```

`a1b2c3d` ni namba utakayoiona kwenye log, na `~1` ni komiti iliyotangulia, ile ambayo faili bado lilikuwepo. Utaona wengine wanaandika `^` badala ya `~1`, ni sawa, ila kwenye CMD ya Windows alama hiyo ina kazi nyingine na inaleta makosa ya ajabu, kaa na `~1`.

Kwenye mgongano wa kuunganisha branchi, kwa faili usiloweza kulihariri mstari kwa mstari kama logo ya chama au PDF, unachagua upande mzima:

```
git restore --theirs logo.png
git add logo.png
```

`--ours` ni branchi uliyopo, `--theirs` ni ile unayoiunganisha. Kwenye rebase (kuzijenga upya komiti zako juu ya branchi nyingine) zinageuka, ours inakuwa ile unayojengea juu yake na theirs ni kazi yako mwenyewe, kwa hiyo hapo fungua faili uangalie kabla ya ku-add.

Faili la siri ambalo Git imeambiwa ilipuuze

Hii inauma na watu hawaisemi. Una `.env` yenye funguo za MoMo (malipo ya simu) na nywila za hifadhidata, imewekwa kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ya kupuuzwa, unajiona salama. Alafu kuna branchi ya zamani ambayo mtu aliikomiti `.env` ndani yake. Ukihamia branchi hiyo Git inafunika `.env` yako kimya kimya, sababu faili lililopuuzwa linahesabiwa kuwa la kutupwa, na ukirudi `main` inaliondoa kabisa. Weka nakala ya `.env` nje ya folda ya mradi, na ukihamia branchi usizozijua tumia `git switch --no-overwrite-ignore`, hapo itagoma badala ya kufunika.

Mambo yameshaharibika, unaanzia wapi

Kwanza acha kuandika amri. Kama faili bado liko wazi kwenye edita, Ctrl+Z mara nyingi inarudisha kila kitu ata baada ya restore. VS Code ina Timeline chini ya orodha ya mafaili, inahifadhi nakala kila ukiseva, na edita za JetBrains zina Local History, hizo zimeokoa kazi ambazo Git haikuwahi kuziona.

Kama ulichopoteza kiliwahi kukomitiwa, kipo:

```
git reflog
git branch uokoaji a1b2c3d
```

Reflog inaandika kila mahali HEAD ilipopita kwenye mashine yako. Kwa mpangilio wa kawaida inakaa siku 90, na kwa komiti ambazo hakuna branchi inayozifikia ni siku 30, kwa hiyo usikawie. Tafuta mstari wa kabla ya ajali, chukua namba yake, itengenezee branchi.

Kama uliwahi ku-add lakini hukukomiti, bado kuna njia:

```
git fsck --lost-found
```

Yaliyomo kwenye mafaili yanawekwa ndani ya `.git/lost-found/other`, hayana majina, itabidi ufungue moja moja au utafute neno kwa `grep`. Inachosha lakini inafanya kazi. Na stashi uliyoifuta kwa bahati mbaya, rudi juu kwenye terminali, Git iliandika namba ndefu ilipoifuta, `git stash apply` ikifuatiwa na namba hiyo inairudisha.

Amri za zamani kwa wenye Git ya chini ya 2.23

`git switch X` ni `git checkout X`, na `git switch -c X` ni `git checkout -b X`. `git restore bei.py` ni `git checkout -- bei.py`, vile vistari viwili usiviache kamwe, ndo vinavyoiambia Git kwamba kinachofuata ni faili na si branchi. `git restore --staged bei.py` ni `git reset HEAD bei.py`. Ile ya kuleta faili kutoka branchi nyingine, `git checkout bei-kiboko -- mizani.py`, hailingani moja kwa moja kwa sababu inaliweka faili kwenye folda na steji kwa pamoja, kwa hiyo baada yake ukifanya `git diff` hutaona kitu, tumia `git diff --staged`.